Uso Uliobaki Kwenye Kioo

Siku za likizo kubwa, kila asubuhi, Solange aliteka maji, akamsaidia mama yake kumenya ndizi, kisha akapanda kilima hadi ofisi ya parokia, pale Butembo. Ilikuwa miaka ile ya vita. Barabara ya Beni ilijaa watu wenye magodoro kichwani, na katika kukimbia huko watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Ofisi hiyo ilikuwa ya kuwatafuta. Aliyeiongoza ni Mama Adèle, mwanamke mnene, mpole wa sauti, lakini asiyependa mchezo kazini.

Watoto waliookotwa upande wa Oicha walipigwa picha huko huko. Picha ziliwekwa kwenye disketi, na Papa Musafiri, dereva wa Beni, alizileta Butembo katika gari lake la mizigo, katikati ya magunia ya kakao. Zilitazamwa kwenye kompyuta moja tu. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, haikuweza kutunza picha ndani yake. Disketi ikiondoka, picha nazo zimeondoka. Kioo chake, lakini, kilikuwa kipya. Mfanyabiashara mmoja alikitoa Dubai akakifanya zawadi. Kilikuwa chembamba, na picha zake zilionekana safi hata ungeweza kuona kope za jicho.

Solange alikuwa na miaka kumi na miwili na vidole vyepesi. Kazi yake ilikuwa kubonyeza, picha zipite moja baada ya nyingine huku wazazi wakitazama. Wenzake mtaani walimtania wakimwita Mama Secrétaire. Yeye alijifanya amekasirika, lakini moyoni alikuwa anajisikia mkubwa.

Aliyemfundisha ni Josaphat, kijana aliyesomea mashine hizo, ambaye Solange alimwita Yaya, yaani kaka. Alimkataza jambo moja tu: kioo kisiachwe kikiwaka na picha moja kwa muda mrefu.

Jumamosi moja Papa Musafiri alikuja mbio. Alisikia kwamba askari wangefunga barabara mapema, akataka disketi sasa hivi ili awahi kurudi Beni. Josaphat aliichomoa, akatoka nayo, akamwachia Solange ufunguo na agizo la kuzima kila kitu.

Disketi ilikuwa imetoka, lakini picha ya mwisho bado ilikuwa kiooni. Ilikuwa ya mtoto wa kiume, labda wa miaka mitano, mbele ya ukuta mweupe wa dispensaire, zahanati ya huko Oicha. Alikuwa ameinamisha kichwa begani kama mtu anayesikiliza mlangoni. Hakukuwa na jina chini yake, maana tangu alipookotwa porini alikuwa hasemi.

Solange aliweka kidole juu ya kitufe. Akawaza giza la ule msitu, na mtoto ndani yake peke yake. Akaona kumzima ni kumrudisha kule. Basi akaondoa kidole, akafunga mlango, akaenda zake. Plaki za jua juu ya paa zilijaza betri, na Jumapili yote jua liliwaka.

Jumatatu alitangulia kufika. Mtoto alikuwa bado anamtazama. Solange akazima haraka haraka, akashika ufagio, na Josaphat alipoingia alimkuta anafagia kwa bidii ya ajabu.

Josaphat aliwasha mashine, akafungua ukurasa mweupe. Mara akasogeza kiti nyuma. Katikati ya weupe ule palikuwa na uso, hafifu kama moshi: macho mawili, masikio, kichwa kimeinama. Alifungua ukurasa mwingine. Uso haukuondoka. Haya, nitegulieni hiki: mgeni ameaga, ameondoka na gari, lakini bado ameketi kitini. Nani huyo?

Josaphat alikuwa anaelekea kupata jibu. Alimgeukia Solange.

"Solange, juzi ulizimaka kioo?"

Ufagio ulisimama. Ilikuwa rahisi sana kusema hapana, lakini Solange akasema, "Nilizima, Yaya."

"Basi hii sijui ni nini," alisema Josaphat, na ni kweli hakujua, kwa sababu alimwamini, na katika haraka ya Jumamosi hakuitazama ile picha ya mwisho.

Wazazi walikuwa wameanza kuingia. Mbele yao alikuwa Mama Vagheni, aliyekimbia kutoka Oicha na sasa amehifadhiwa na ndugu zake kule Masereka. Alikuwa ametembea kutoka huko akiwa na vumbi hadi magotini. Alitazama kioo, akashika ukingo wa meza.

"Sikuli," alisema kwa sauti ndogo. "Sikuli wangu. Ndiyo vile anawekaka kichwa, tangu sikio lake lilimuuma."

Josaphat alimweleza kwa upole kwamba hapakuwa na picha pale, disketi ilishaenda Beni, na kioo kilikuwa kimezimwa tangu Jumamosi. Alitaka kumtuliza, lakini kila neno lilizidi kumuumiza. Mwanamke mmoja nyuma akanong'ona kwamba mtu asiyepigwa picha akionekana hivyo, ni kivuli chake kimekuja kuaga mama. Mwingine akasema ndiyo, ni muzimu. Wakavua vitambaa vya kichwa, kama msibani. Mama Vagheni akaketi chini, sakafuni, na kilio kikaanza.

Mama Adèle alikuja, akajaribu kusema wangoje kwanza. Mama Vagheni hakusikia. Alisema amechoka kutafuta. Atarudi Masereka, akamlilie mtoto wake pamoja na ndugu zake, na jina la Sikuli waliondoe kati ya wanaotafutwa. Solange alijua wale watoto wa Oicha wasiodaiwa na mtu walikuwa karibu kugawiwa kwa jamaa za mbali, na huyu hakuweza hata kutaja jina lake. Na katika chumba chote, mtu mmoja tu alijua kwamba ule uso ulikuwa picha.

Mama Vagheni alikuwa ameshafika uani. Solange aliacha ufagio ukaanguka, akamfuata, akamshika kitenge.

"Mama, ngoja. Huyu hapana muzimu. Iko muzima."

"Mutoto, usinichezee leo."

"Sikuchezei. Picha yake ilikuja na Papa Musafiri, niliiona. Yaya Josaphat, nilikudanganya. Sikuzima. Nilimuonea huruma, nikamuacha anawaka mpaka leo asubuhi." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakunyamaza. "Iko amevaa shati ya kijani. Kifungo cha juu kimekosa."

Mama Vagheni aligeuka kumkabili.

"Hicho kifungo," alisema, "nilikuwa nataka kukishona ile siku tulikimbia."

Akaketi tena chini, safari hii juu ya nyasi za uani, akacheka na kulia pamoja, hata wale wanawake wakaona haya na kufunga vitambaa vyao.

Josaphat aliwaita wote ndani. Alieleza kwamba kioo kile ni kama nyasi ulizolalia: ukiamka, zinabaki zimelala kidogo, kisha zinasimama zenyewe. Kikionyeshwa kitu kimoja mchana na usiku, kinakizoea. Dawa yake ni kukiwekea weupe mtupu kwa muda, au picha zinazotembea, kisha kukizima kipumzike.

Mama Vagheni aliomba akae kwanza mbele yake. Wakamwachia. Hatimaye Josaphat akamwambia taratibu kwamba kikichelewa kupumzishwa, huenda alama isitoke tena, na mama wengine wasiwaone vizuri watoto wao.

"Mukizime basi," alisema mama yule. "Mimi ninaenda kumuona mwenyewe."

Papa Musafiri alipopita tena, alimchukua mbele ya gari, karibu yake, wakaenda Oicha. Walirudi na mtoto mwenye shati la kijani, amelala kifuani kwa mama yake, kichwa kimeinama. Wakati huo kioo kilikuwa kimeshatakata.

Mama Adèle alimwita Solange pembeni. Solange alitoa ufunguo akamnyooshea, akidhani kazi imekwisha. Mama Adèle hakuupokea.

"Kuacha kioo kinawaka ni kosa la mtu mwenye roho nzuri," alisema. "Hilo Josaphat angelimaliza asubuhi ile ile, na sisi tungecheka. Lakini ulisema umezima. Yeye alikuamini, akafikiri juu ya hilo neno lako, na batu wote wakafikiri juu yake, mpaka mama mumoja akaanza kumulia mutoto mwenye iko anapumua. Uliona neno dogo linafika wapi?"

"Niliona, mama."

"Ukikosea, sema mapema. Kosa lenye limesemwa, tunajua pa kulishika. Na kusema mbele ya batu wote, vile ulifanya uani, kulikuwa kuzito. Lile nalo nililiona. Sasa enda, wazazi wanangoja picha."

Solange alifuta uso kwa kiganja, akaingia ndani, akawasha kioo.