Kosgei Huonja Kwanza

Nyumbani kwa mzee Kosgei, juu kidogo ya Keringet, hakuna mgeni aliyepewa maziwa kabla mwenyewe hajayaonja. Alijimiminia kidogo, akanywa, akangoja. Ndipo akampa mgeni. Hata dawa ya minyoo ya ndama aliigusa kwa ncha ya ulimi.

“Siku moja utaonja mbolea,” mke wake Tabutany alimwambia.

“Baba yangu alinifundisha hivyo,” Kosgei alijibu. “Ukimpa mtu kitu, wewe uwe wa kwanza kupata shida yake.”

Wiki hiyo nyumba nzima haikutulia. Jumamosi, binti yao Chepng'eno angekimbia mbio za kilomita kumi mjini Molo. Wasichana wanne wa kwanza wangechukuliwa na kambi ya mazoezi. Wangelala huko, wale huko, wafundishwe na kocha. Tabutany alifua nguo za mbio mara mbili ingawa zilikuwa safi. Kosgei alisimulia habari hiyo kila asubuhi kwenye kituo cha maziwa, mpaka watu wakaanza kumkwepa.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Mwaka uliopita, Chepng'eno alikimbia mbio hizo hizo. Wasiwasi ulimnyima usingizi siku tatu. Alitapika kwenye mstari wa kuanzia, na akamaliza wa ishirini na saba. Sasa macho yake yalianza tena kuwa mekundu.

“Umelala?” Kosgei alimuuliza Jumatano.

“Kidogo, Baba.”

“Kidogo ni ngapi?”

Chepng'eno alitazama chai yake.

Siku hiyo Kosgei alishuka Molo kumnunulia soksi. Pembeni mwa soko alimkuta dada mmoja nadhifu, amevaa aproni nyeupe, ameshika kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na pakiti za biskuti za kahawia. Kila pakiti ilifungwa kwa utepe wa kijani. Juu yake palichorwa jani lenye vidole.

“Sasa mzee wangu. Karibu biskuti.”

“Za nini?”

“Za kutuliza. Ni za mtu mwenye wasiwasi, mtu asiyepata usingizi.”

Kosgei alisimama pale pale. Ni kama dada huyo alikuwa amekaa jikoni kwake wiki nzima.

“Lakini hili jani si ni bangi?”

Dada alicheka kwa upole. “Bangi ni ile ya kuvuta, mzee. Hii inaliwa. Ni mmea tu, kama mboga ya managu.”

“Inachukua muda gani kufanya kazi?”

“Dakika kumi.”

“Mtu anakula ngapi?”

“Moja. Akiona kimya, anaongeza.”

“Na inakaa mwilini siku ngapi?”

“Akiamka asubuhi, imeisha.”

Majibu yalidondoka haraka kama mahindi yanayopukuchuliwa. Kosgei aliwapenda watu wanaojibu haraka. Hakutambua kwamba dada huyo hakumuuliza swali hata moja. Hakuuliza biskuti ni za nani. Hakuuliza mlaji ana umri gani, wala anatumia dawa gani.

Kosgei alirudi nyumbani na soksi na pakiti moja. Soksi alizionyesha. Pakiti aliiweka kwenye rafu, nyuma ya kopo la majani chai.

Ijumaa, saa moja asubuhi, ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamuliwa. Kopo la maziwa lilikuwa limefungwa kwenye pikipiki, tayari kwa kituo. Tabutany alikuwa bado zizini. Chepng'eno alikuwa ametoka kidogo kunyoosha miguu, maana mwalimu wake wa mbio alimwambia asichoke.

Kosgei alishusha pakiti. Alifungua utepe. Alikula biskuti moja.

Ilikuwa tamu, yenye uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Alitazama saa ya ukutani. Dakika kumi zikapita. Hakusikia kitu. Dakika ishirini zikapita. Alijisikia kama kawaida, isipokuwa njaa ya asubuhi.

“Akiona kimya, anaongeza,” alijikumbusha. Akaongeza ya pili.

Chepng'eno aliingia, mashavu mekundu kwa baridi. Aliona pakiti mezani.

“Hizi ni zangu?”

“Ni zako. Ni za kukutuliza, upate usingizi leo, kesho usitapike.”

Msichana alitabasamu. Alichukua moja na kuivunja katikati. Aliinua kipande.

“Subiri,” Kosgei akasema. “Bado naonja.”

“Baba, pakiti ina pengo la biskuti mbili. Unaonja au unakula?”

Kosgei alitaka kucheka, lakini ulimi wake ulikuwa umekauka kama gunzi. Aliinuka achukue maji. Sakafu ikasogea. Alishika meza. Moyo wake ulianza kupiga haraka, kama mtu anayegonga mlango akifukuzwa. Alitazama saa ya ukutani. Mshale ulikuwa umesimama. Alitazama tena baada ya muda mrefu sana, na mshale ulikuwa umesogea dakika moja.

“Nakufa,” alisema polepole. “Mwambie mama yako ng'ombe mwekundu hajapewa chumvi.”

Chepng'eno aliweka biskuti chini. “Mama,” akaita. “Mama, kuja.”

Tabutany alikuja mbio. Alimtazama mume wake, akaitazama pakiti na lile jani lenye vidole. Hakuhitaji kuambiwa.

“Nampa maji ya chumvi atapike,” alisema. “Ama maziwa mengi.”

“Mama, usimpe kitu. Namwendea Sista Eucabeth.”

Eucabeth alikuwa muuguzi wa zahanati, kilomita tatu kutoka hapo. Kosgei alimwona binti yake kupitia mlangoni. Hakulifungua lango, aliliruka. Miguu yake mirefu ilipiga barabara ya udongo na ua ukabaki kimya. Hata katika hofu yake, Kosgei aliwaza: huyu mtoto anakimbia vizuri.

Hakujua walikaa muda gani. Tabutany alisema baadaye kwamba hata nusu saa haikufika. Pikipiki ililia nje. Kipkemoi, jirani yao mwenye bodaboda, alikuwa amembeba Sista Eucabeth, na Chepng'eno nyuma yake.

“Nilikutana na binti yako zahanati,” Kipkemoi alimwambia Tabutany. “Nilidhani anafukuzwa na nyuki.”

Eucabeth alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, asiyeongea kwa sauti. Alipiga magoti karibu na Kosgei.

“Mzee Kosgei, mimi ni muuguzi, si askari. Sikuja kukushika. Niambie ukweli ili nikusaidie. Umekula nini, ngapi, saa ngapi?”

“Biskuti mbili. Ya kwanza saa moja.”

“Unatumia dawa gani?”

“Tembe za presha.”

“Leo umemeza?”

“Nimemeza, daktari. Nakufa?”

“Hapana. Lakini usisimame.”

Alimfunga kifaa cha presha mkononi. Alihesabu mapigo ya moyo. Alisikiliza kifua. Alimuuliza kama kifua kinauma, na Kosgei akasema hakiumi, kinakimbia tu. Kisha Eucabeth alifanya jambo ambalo Kosgei hakulisahau. Aligeuka, akamtazama msichana.

“Chepng'eno. Wewe umekula?”

Kosgei alisahau kufa. Alimtazama binti yake.

“Nilikuwa nimeshika mkononi,” Chepng'eno alisema. “Sijakula. Baba alisema bado anaonja.”

Eucabeth alishusha pumzi. Tabutany alikaa chini, akafunika uso kwa kitambaa.

“Kesho wapimaji watakuwa Molo,” Eucabeth alisema. “Wanaofika mbele wanapimwa mkojo. Bangi imekatazwa siku ya mashindano. Wakiikuta, hawaangalii nani alikupa. Ukisema ‘ni baba,’ bado ni mwili wako.”

“Yule dada alisema asubuhi imeisha,” Kosgei alisema kwa sauti ndogo.

“Kulewa huisha. Mabaki hukaa mwilini siku kadhaa. Kwa mtu anayetumia mara kwa mara, hukaa wiki nyingi.”

“Alisema dakika kumi.”

“Ukivuta, ni dakika chache. Ukila, inapita tumboni kwanza. Inachukua nusu saa, saa moja, hata saa mbili. Ndiyo maana watu huongeza. Wanadhani haifanyi kazi, kumbe bado iko njiani. Halafu zote zinafika pamoja.”

“Alisema ni mmea tu.”

“Tumbaku pia ni mmea, mzee. Uyoga wa sumu unaota msituni wala haukutengenezwa na mtu.” Eucabeth aliinua pakiti, akaigeuza. “Angalia hapa. Hakuna jina la aliyeoka, wala kiasi kilichomo. Moja inaweza kuwa na kidogo, ya pili ikawa na nyingi. Na sheria yetu inakataza kuuza, kununua, hata kuwa nayo. Jani likiwa ndani ya biskuti, sheria ni ile ile.”

Kipkemoi, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. “Lakini sista, si nasikia kuna nchi inauzwa dukani kama mkate?”

“Ziko. Na hata huko wanaandika kiasi kwenye pakiti. Wanawakatalia watoto. Wanamwambia mama mjamzito na anayenyonyesha aiache. Wanamwambia dereva asiguse usukani. Sisi tumepewa utepe.”

Kosgei alikumbuka pikipiki, na kopo la maziwa lililofungwa nyuma yake. Kama biskuti ingefanya kazi dakika ishirini baadaye, ingemkuta kwenye mteremko wa mto.

“Sasa tufanye nini?” Tabutany aliuliza. “Nilitaka kumtapisha.”

“Vizuri hukumtapisha. Akipaliwa ni hatari zaidi. Alale kwa ubavu, mahali patulivu, na mtu akae naye. Anywe maji kidogo kidogo. Asipewe kahawa, wala pombe, wala tembe ya usingizi. Asiendeshe kitu leo wala kesho. Kifua kikianza kuuma, akishindwa kupumua vizuri, akitapika bila kukoma, au mkishindwa kumwamsha, mpelekeni hospitali mara moja. Na kama angekuwa mtoto mdogo, msingengoja dalili yoyote. Mngekuja hapo hapo.”

“Na hizi zilizobaki?” Chepng'eno aliuliza. “Nimpe mbwa?”

“Mbwa amekukosea nini? Tupa ndani ya choo cha shimo.”

Eucabeth alikaa naye zaidi ya saa mbili. Presha ilishuka. Moyo ulitulia. Kosgei alianza kusikia aibu, na Eucabeth akasema aibu ni dalili nzuri. Kabla ya kuondoka, alimwita Chepng'eno uani. Kosgei aliwasikia kupitia dirishani.

“Leo ulikimbia kilomita tatu. Ulitapika?”

“Hapana.”

“Uliogopa?”

“Sikukumbuka kuogopa. Nilikuwa namfikiria Baba.”

“Basi dawa yako unayo. Wasiwasi si ugonjwa. Mwili unajiandaa tu. Kesho kwenye mstari, vuta pumzi ukihesabu nne, toa ukihesabu sita. Fanya hivyo mara kumi. Halafu fikiria unanikimbilia mimi.”

Jumamosi Kosgei alikwenda Molo kwenye pikapu ya maziwa ya jirani. Kichwa kilikuwa bado kizito kidogo. Baridi iliuma masikio. Uwanja ulijaa watu waliovaa makoti, na majani mafupi yalikuwa meupe kwa umande.

Wasichana walipanga mstari. Kosgei alimtafuta binti yake kwa macho. Alimwona amefumba macho, mabega yanapanda na kushuka polepole. Kosgei naye akaanza kuhesabu. Nne. Sita. Nne. Sita. Tabutany alimuuliza kama biskuti zimerudi.

Bastola ya kuanzia ikalia.

Mizunguko mitatu ya kwanza, Chepng'eno alikuwa katikati ya kundi. Kosgei hakuona kitu ila miguu na soksi. Zile soksi mpya zilikuwa za manjano, na alishukuru kwa kuchagua rangi hiyo. Mzunguko wa nne, soksi za manjano zilikuwa za kumi. Mzunguko wa tano, za sita. Tabutany alikuwa amemshika mkono, na kucha zake zilimwingia. Kwenye mlima wa mwisho msichana wa mbele yake alianza kuyumba. Soksi za manjano zikampita. Zikawapita na wengine watatu. Mita mia mbili kabla ya utepe, Chepng'eno aliruka mtaro wa maji kama alivyoliruka lango la nyumbani.

“Huyo ni wangu,” Kosgei alimwambia mtu asiyemjua. “Huyo wa soksi. Ni wangu.”

Alimaliza wa pili.

Kulikuwa na hema jeupe la wapimaji pembeni. Mama mmoja mwenye kitambulisho shingoni alimchukua Chepng'eno, akaingia naye. Kosgei alisimama nje. Alijua kilichoulizwa mle ndani. Alijua pia kwamba binti yake alikuwa na jibu fupi: ugali, mboga, maziwa, maji. Alianza kucheka peke yake, na safari hii hakukuwa na biskuti ya kulaumiwa.

Chepng'eno alitoka, amevaa karatasi yenye namba kifuani, anacheka. Kocha wa kambi alikuwa ameshaandika jina lake.

“Nilikuwa nakimbilia zahanati, Baba. Njia yote.”

Tabutany alitoa kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyolala wiki nzima kwenye mkaa wa mti. Alimpa mume wake kwa desturi. Kosgei alimimina kidogo kwenye kifuniko. Akanywa. Akangoja.

Chepng'eno alimtazama, mikono kiunoni.

“Baba, leo tungoje dakika ngapi?”

Watu waliokuwa karibu hawakujua kwa nini familia ile ilicheka mpaka ikainama.

“Leo hatungoji,” Kosgei alisema, akifuta macho. Alimpa kibuyu kizima. “Hii najua imetoka kwa ng'ombe gani.”