Shati la Kasuku

"Wewe mhudumu! Mananasi mawili hapa, na barafu usitubanie!"

Kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni aligeuka kuona anayeitwa. Nyuma yake palikuwa na mnazi wa plastiki tu.

"Ni mimi?"

"Kwani kuna mwingine hapo mwenye shati la kasuku?"

"Sawa, dada."

Basi, jioni ya watu ikaanza kuharibika hapo. Kijana huyu ni muuguzi wa wodi, na kazini kwake mgonjwa akiita, miguu hutangulia, akili hufuata baadaye. Hajawahi kumkatalia mtu, ndiyo maana wenzake walimbandika jina Sawasawa.

Shati lenyewe alishonewa na mpenzi wake, fundi cherehani. Baa hii mpya, yenye kuta za mianzi, wapiga ngoma, na vinywaji vinavyoletwa ndani ya mananasi, ilimwagiza fundi mashati ya wahudumu wote. Kitambaa cha kasuku kikabaki kidogo, naye akaona mpenzi wake apendeze. Mapenzi bwana! Mtu anamvika mwenzake sare ya baa, na wote wawili wanaona ni pambo.

Fundi alikuwa mezani pembeni, amesuka nywele upya, macho mlangoni. Akaandika ujumbe: "Umefika?"

"Nimefika mpenzi. Nakuja sasa hivi."

"Mbona sikuoni?"

"Niko humu humu. Kuna mtu anaomba mrija."

Mrija! Fundi aliusoma ujumbe ule mara mbili asiuelewe. Kila alipotazama aliona wahudumu tu. Simu ikaita. Alikuwa shangazi yake.

"Amesema neno?"

"Bado, shangazi."

"Bado! Mwenye duka la mabati anayekuposa yuko sebuleni kwangu na dada zake, na chai ya pili hii. Leo wanataka jibu. Mwanangu, miaka yote hii huyo wako anasema sawa kwa kila mtu. Hilo la kukuoa litamtoka lini?"

"Ameniahidi ni leo."

"Haya. Chai ikiisha napiga tena."

Fundi alijifuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Alimpenda mtu yule kuliko alivyotaka kukiri, na ndicho kilichomuuma. Alipoinua uso, mhudumu mmoja akapita amebeba trei kwa mikono miwili, taratibu, kama amebeba dawa. Mfuko wa shati lake ulikuwa upande wa kulia. Mashati yote ya baa fundi aliyatia mfuko kushoto. Wa kulia alimshonea mtu mmoja tu, mwenye kutumia mkono wa kushoto.

"Sawasawa!"

Trei ikatikisika, barafu ikamwagika sakafuni.

"Mpenzi! Nilikuwa nakuja."

"Unafanya nini na hiyo trei?"

"Waliniita."

"Nani?"

"Wote."

Fundi alitaka kucheka, akajizuia.

"Wanaokuita 'wewe' umewasikia. Mimi je?"

"Nilijua wewe utanisubiri."

"Ndiyo. Siku zote mimi ndiye wa kusubirishwa, kwa sababu sipigi makofi."

Meza ya jirani, yule dada wa mananasi akapiga makofi. "Mhudumu! Barafu yetu!"

Miguu ya Sawasawa ikageuka. Fundi aliiona ikigeuka. Akachukua mkoba wake.

"Nenda kawahudumie. Mimi naenda kwa shangazi kunywa chai na wageni."

Sawasawa akasimama. Jasho lilimtoka. Akaitua trei mezani kwa mpenzi wake, kisha akageukia meza ya jirani.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana, dada. Barafu mwombe mwenye mfuko wa kushoto. Mimi si mhudumu, nimekuja kuchumbia."

Baa nzima ikageuza shingo. Meneja akashika kichwa. "Kumbe si wetu? Na mimi nilitaka kumpandisha cheo!"

Sawasawa akapiga goti na kuingiza mkono mfukoni. Vikatoka vimwavuli vya karatasi, ikatoka mirija, kikatoka kipande cha ndimu. Mwisho kabisa ikatoka pete.

"Inanata kidogo," alisema. "Samahani. Nakupenda, na nimechelewa kusema. Nikuoe?"

Kabla fundi hajafungua mdomo, simu ikaita.

"Chai imeisha! Niwaambie nini?"

"Waombe radhi, shangazi, kisha uwasindikize."

"Kwani huyo wako amesema nini?"

"Amesema hapana."

"Hapana?"

"Amemwambia hapana mtu mwingine, shangazi. Kwa ajili yangu."

Shangazi akashusha pumzi.

"Kumbe analijua hilo neno! Basi mlete kwangu. Nitabandika chai nyingine."

Fundi akakata simu. Sawasawa alikuwa bado ameinua pete, goti lake ndani ya maji ya barafu.

"Na mimi bado sijajibiwa," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi akanyoosha kidole.

"Sawa."

Wapiga ngoma wakaongeza mwendo. Fundi alikwenda peke yake hadi katikati ya ukumbi, akageuka, akamtazama mchumba wake aliyekuwa bado amepiga goti, akapiga makofi mawili.

Muuguzi akaja mbio.