Sumaku Ndani ya Pindo

Kila asubuhi ya likizo, Pilipili na binamu yake, Kimya, walimfuata Mama kazini. Mlangoni pa maabara kila mtu alivua mkanda, saa na chochote chenye chuma, ndipo akavaa koti jeupe. Hata mkurugenzi aliingia ameshikilia suruali yake kwa mkono, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Yote hayo ni kwa heshima ya almasi ndogo kuliko punje ya mchele. Ndani yake mlikuwa na kasoro, na katika kasoro hiyo elektroni moja iliyotenda kama sindano ya dira. Ikimulikwa kwa mwanga wa kijani, iling'aa nyekundu. Nguvu yoyote ya sumaku, hata ya chembe chache za chuma, iliuvuruga mng'ao huo, na mstari kwenye skrini ukaota meno.

Ijumaa wangekuja wageni, na mtoto mmoja angewaonyesha kipimo. Mama alimchagua Kimya.

Pilipili aliipokea habari hiyo kwa adabu kubwa. Kisha akafumua pindo la koti la Kimya, akatia kipande cha sumaku, akalishona upya. Kushona alijua; huruma ndiyo iliyompungukia.

Mama alipotoka kidogo, Kimya alisogea kwenye meza ya almasi. Mstari ukaota meno.

"Pole, ndugu yangu," Pilipili akanong'ona. "Damu yako imejaa chuma. Wenye ugonjwa huo hawafiki ukubwani."

"Kweli?"

"Mashine ina sababu gani ya kukudanganya? Na usile ovyo, chakula ndicho kinachouongeza."

Kimya akaacha kula. Alhamisi alizirai kwenye ngazi. Alipozinduka, alimshika Mama mkono.

"Mama Mkubwa, nikifa, usimwambie mama yangu kwa simu. Ana presha."

Mama alimdadisi mpaka akayajua yote. Akampa uji, kisha akawaita wote wawili maabarani.

"Hapa tunabadilisha kitu kimoja kimoja. Kimya, vua koti, usogee."

Mstari ulitulia.

"Pilipili, livae wewe."

Mstari ukawa msumeno.

"Haya, daktari," Mama akasema. "Na wewe umebakiza siku ngapi?"

"Mama, ulikuwa utani tu!"

"Kwa hiyo sifi?" Kimya akauliza, akaangua kilio.

Mama alipapasa pindo la koti, akagusa kitu kigumu, akamkabidhi Pilipili sindano. "Fumua, mbele yake. Kesho utawaeleza wageni ulichofanya, ndipo mwenzako aanze. Almasi ilisema kweli, mwanangu. Wewe ndiye uliyeisemea uongo, na uongo uliovikwa koti la kitaalamu huua mtu mzima wa afya."