Kalavati la Njia ya Majabalini

Haya alinisimulia rafiki yangu Ragnhild, akiwa amenipakatia mwanangu ili nile.

Kila mvua iliponyesha, changarawe ya njia inayopanda kwenye jabali ambalo yeye na wenzake hukwea kwa michezo ilisombwa hadi shambani kwa mzee Torfinn, mwenye ardhi. Safari hii mzee alisema ikishuka tena, anaifunga njia. Ragnhild akaitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya njia, Jumamosi moja ya Novemba. Wapanda majabali wote waliahidi kuja. Hakuja mtu.

Alasiri, giza la Novemba ya kwao likiingia mapema, alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa chini wa kalavati lililoziba, akikwangua kwa beleshi. Ndipo akasikia mtu naye anakwangua upande wa juu.

"Gudbrand, ndiyo unaamka saa hizi?" akapaza sauti, akidhani ni mpanda majabali mwenzake. "Kwenye keki unawahi, kwenye kazi unachelewa."

Mkwaruzo ukaongeza kasi.

Mara taa za gari zikapanda kutoka chini. Akashuka Gudbrand na chupa ya kahawa.

"Nisamehe, dada, mtoto alikuwa na homa. Na huko juu anakwangua nani?"

Wakapanda. Hapakuwa na mtu. Mkwaruzo ulitoka ndani ya bomba, na bomba lile halipitishi hata kichwa cha mtoto.

Ukakoma. Kisha changarawe ikaanza kutoka kwenye mdomo huo wa juu kidogo kidogo, ikipanda kinyume cha maji, ikasukumwa taratibu hadi miguuni pao. Ragnhild akaokota kokoto moja. Ilikuwa na uvuguvugu, kama iliyofumbatwa kiganjani kutwa nzima.