Kiti cha Dorcas Pym

Harufu ilitoka kwenye kiti namba themanini na mbili: maziwa yaliyochacha. Imogen Tadlock, mthamini msaidizi, alikuwa ameshapiga deki ukumbi wa mnada mara mbili asubuhi hiyo, akafungua madirisha yote ya upande wa mtoni, mvua ya mji wa Ludlow ikaingia, harufu isitikisike.

Kilikuwa kiti kifupi kisicho na mikono, cha enzi za Malkia Victoria, mahogani iliyoiva kwa kushikwashikwa. Kiti cha kunyonyeshea. Bwana Garside, dalali na mwenye ukumbi, alikuwa amekibandika karatasi: "Kiti cha Lady Marchbanks, alichonyonyeshea wanawe saba."

"Nani kakwambia alinyonyesha?" Imogen akauliza.

"Jina la Lady, mke wa kabaila, linapandisha bei mara nne, binti. Usiniletee midahalo yako ya chuo."

"Lady wa miaka ile anyonyeshe mwenyewe? Huyo hata soksi alivalishwa!"

Garside akacheka, akaenda kunywa chai.

Imogen akakipindua kiti, maana mthamini asiyetazama chini ya kiti anabahatisha tu. Turubai lilikuwa limelegea, singa za farasi zinachungulia. Kwenye ubao palikuwa na maneno ya penseli, herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: *Dorcas Pym, mnyonyeshaji wa kukodiwa. Mwanangu Amos hakubakiziwa.*

Hapo ndipo aliposikia mtoto akinyonya. Sauti ya uchu, ya mdomo usiopata kitu, ilitoka nyuma ya bega lake, kisha ndani ya kabati la vitabu, kisha chini ya meza ndefu, ikimzunguka polepole katika ukumbi ambamo hamkuwa na mtu mwingine, mpaka akahisi pumzi baridi shingoni na akashindwa kugeuka.

"Hicho ndicho changu!"

Alikuwa Verity Lowther, mimba ya miezi minane, mteja wa kwanza kufika, mumewe nyuma yake. Akakipapasa kiti. "Tangu nione picha yake naota mama mmoja. Ananiambia nimpelekee kiti nyumbani."

"Dada, usikinunue," Imogen akanong'ona.

"Kimeliwa na wadudu?"

"Kina mwenyewe."

Verity akamcheka usoni.

Saa sita, ukumbi umeshajaa, Garside akaitangaza namba themanini na mbili. Verity akanyanyua mkono, na papo hapo vioo vya makabati yote vikaanza kutetemeka, harufu ikapanda mpaka watu wakaziba pua, na Verity akaushusha mkono ule taratibu, akaulaza tumboni, uso umempauka.

"Hachezi," akasema. "Mtoto wangu hachezi."

Imogen akapita katikati ya viti mpaka mbele. "Karatasi hiyo ni uongo! Aliyekalia kiti hiki ni Dorcas Pym. Alilisha watoto wa wenye nyumba, wake akafa njaa!"

"Toka!" Garside akafoka. "Huna kazi tena hapa!"

"Vizuri. Basi nasema bure."

Akaibandua karatasi, akaichana, akaketi kitini. 

"Dorcas! Walikunyang'anya maziwa, wakakunyang'anya na jina. Jina lako nimelisema mbele ya watu. Huyu mama hakukukosea kitu, na mtoto wake humchukui. Kama Amos amekosa wa kumpakata, mlete hapa kwangu."

Vioo vikatulia. Kisha kitu kikamshukia mapajani, kizito, baridi kama jiwe la mtoni, kikajisogeza, kikatafuta mahali pa kulaza kichwa.

"Kapiga teke!" Verity akapiga kelele, analia na kucheka. "Kapiga teke!" Mumewe akamshika mkono, wakatoka mbio mvuani.

Garside alikuwa bado ameinua nyundo yake ya mnada. "Toka kwenye kiti hicho. Nina wateja."

"Njoo unitoe."

Akashuka jukwaani, akapiga hatua mbili, ndipo alipoiona sketi ya Imogen: imebonyea kwa umbo la mwili mdogo, na umbo lile linapumua. Akasimama.

"Njoo unitoe, bwana," Imogen akarudia kwa sauti ya chini, akianza kumbembeleza mtoto aliye mapajani.