Siti ya Kumi na Tisa

Zuwena alipochomeka waya kwenye tundu la chaji la siti ya kumi na tisa, simu yake ilikuwa na asilimia tatu. Hata yai lake la kuchemsha hajalimaliza, ilishafika sitini na moja. Aliitazama mara mbili, akasema alhamdulillahi, akaendelea kutafuna. Mtu akipata anachokitaka, nani atauliza kimetoka wapi?

Na aliitaka ile chaji kuliko chakula. Mama yake alikuwa wodini mjini Lindi, siku ya tatu hajafumbua macho. Sauda, mdogo wake, ndiye aliyekuwa akimuuguza, naye kwa kuwa simu yake ilikuwa imevunjika, alipiga kwa simu ya mama. Alisema daktari angewapa jibu adhuhuri. Habari zilimkuta Zuwena shambani Mitole, kwenye palizi, na sola ya jirani iliyokuwa ikichaji simu za mtaa mzima ilikuwa imekufa. Alikimbilia Nangurukuru akapanda basi la kwanza lililosimama, na siti iliyokuwa wazi ilikuwa hiyo moja. Hakujiuliza kwa nini watu wawili wamesimama na siti iko tupu.

Sasa, huyu mama alikuwa na jambo lake. Zuwena ni jina la marehemu bibi, na mama kwa kumstahi mzazi wake hakuwahi kumwita bintiye kwa jina hilo. Alimwita "mama" tu. Majirani wa nyumbani kwao Mitwero waliwatania hadi wakachoka: mama na mama, nani kamzaa mwenzie?

Karibu na daraja la Mbwemkuru basi likasimama, dereva akazima injini, abiria wakashuka kuchimba dawa vichakani. Zuwena hakushuka. Aogope kukosa simu ya daktari kisha ashuke? Alibaki peke yake, jua la saa sita limesimama utosini, pazia zimetulia, na kule porini hata ndege hakulia.

Akaitazama simu. Injini ilikuwa imezimwa lakini chaji ilikuwa inapanda. Tisini na nne. Tisini na saba. Kutoka kwenye lile tundu ikaja harufu aliyoijua kutoka misibani: karafuu maiti.

Simu ikaita. Kwenye kioo: MAMA.

"Sauda! Daktari kasemaje?"

Ikajibu sauti, taratibu, ya mama yake mwenyewe.

"Zuwena."

"Abee, mama!" Ilimtoka kabla hajafikiri. Machozi yalimlenga kwa furaha. "Umeamka? Mama, umeamka?"

"Baridi huku. Nimekaa njiani siku nyingi. Nije nyumbani?"

"Njoo, mama. Njoo nyumbani, nakusihi."

"Haya," ilisema sauti. "Umenikaribisha mwenyewe."

Ikakatika. Zuwena akabaki na simu sikioni akicheka na kulia pamoja, kisha kicheko kikamwishia katikati kwa sababu lile jina lilikuwa limeanza kumrudia, Zuwena, Zuwena, jina ambalo kinywa cha mama hakikuwahi kulitoa kwa miaka thelathini na sita, si kwa hasira, si kwa mapenzi, na akataka kuchomoa waya lakini vidole havikumtii, na kile kitambaa cha siti ya pembeni, ambako hakukuwa na mtu, akakiona kinapanda polepole, kama kinavyopanda mtu mzito anapoinuka.

"Dada." Alikuwa Nassibu, konda, mtu mzima mwenye mvi, amesimama mlangoni. Alipouona ule waya sauti ikamshuka. "Umechomeka hapo?"

"Si kuna chaji?"

"Hakuna. Tuling'oa nyaya zote mwaka jana." Akainama, akalivuta lile tundu likatoka lote mkononi mwake. Nyuma yake palikuwa na bati tupu. "Siti hii alifia mgonjwa, hapahapa darajani. Alikuwa anarudishwa kwao. Hakufika." Akanong'ona, "Umeitwa?"

Zuwena akatikisa kichwa kukubali.

"Usiniambie umeitika."

Simu ikaita tena. Safari hii alikuwa Sauda kweli, anapiga kelele hadi abiria waliokuwa wakirudi wakasikia: mama ameamka! Ghafla tu, saa sita hii, ameketi, anaomba uji, hata daktari amebaki mdomo wazi!

Abiria wakampa hongera. Nassibu hakumpa. Alilirudisha lile tundu mahali pake, akaenda kukaa mbele kabisa, na hadi Lindi hakugeuka nyuma.

Siku ya tatu tangu aamke, mama aliruhusiwa. Teksi iliposimama Mitwero alishuka kwa miguu yake, akasimama mbele ya nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa korosho za misimu tisa, akaitazama juu hadi chini.

"Pazuri," alisema. "Hapa ndipo nyumbani kwetu?"

"Dawa za hospitali hizo," Sauda alicheka, akamkalisha kwenye mkeka. Zuwena akampokea mkoba, simu yake akaiweka mkekani. Ilipoligusa paja la mama ikalia ule mlio mdogo inaolia ikichomekwa, na kile kialama cha chaji kikawaka, bila waya. Zuwena akaiokota upesi akaificha ndani ya khanga.

"Zuwena," mama aliita.

Sauda akageuka, uso umejaa mshangao. "Dada, tangu lini mama anakuita jina?"

Zuwena alimtazama mama yake. Mikono ilikuwa ileile iliyomlea, na lile kovu la jiko kwenye kiganja, na mwanya uleule. Mwalimu wa msikitini alikaa nyumba ya tatu tu. Ilitosha kumtuma Sauda amwite aje kumsomea. Lakini huyo akitolewa, mkekani angebaki nani? Kabla ya ile simu, siku tatu nzima mama hakuwa amefumbua macho.

"Zamani tu," alimjibu mdogo wake. "Wewe ulikuwa hujui."

Kisha akapiga magoti mkekani.

"Abee, mama."