Mgeni wa Ukurasa wa Tisa

Vitabu kumi na viwili vilikuwa vikavu. Cha kumi na tatu kilikuwa kimelowa chepechepe, na sanduku lenyewe lilikuwa limekaa juani wiki nzima nje ya ofisi.

"Jasho la safari hilo," alisema Mkuu wa shule ya chekechea, mama wa wigi refu na maneno marefu zaidi. "Usianze visa vyako. Hii ni donation."

Donation! Vitabu vya picha kumi na tatu, vyote vya theluji: sungura kwenye theluji, treni kwenye theluji, dubu amevaa soksi. Vimeletwa kwa watoto thelathini na mmoja wanaosomea chini ya bati lisilo na dari, ambao ikifika saa tano wanapepeana kwa madaftari kama wagonjwa. Mtu fulani huko ng'ambo alisafisha kabati lake akajiona malaika.

Mwalimu wao alikuwa na digrii ya isimu na barua ya kujitolea. Huu mwaka wa tatu anajitolea, yaani anafundisha, anafagia, anapangusa kamasi, na Mkuu anamtambulisha kwa wageni kama "msichana wetu". Angeshaondoka. Ila darasani mle alikuwemo Kidoti, mtoto wa dada yake, miaka mitano. Dada, kabla ya kwenda mbali kikazi, alimshika mikono yote miwili akamwambia: "Sina mwingine wa kumwachia." Mtoto wa anayefundisha pale alisoma bure. Huo ndio ulikuwa mshahara wake.

Vitabu viliandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua.

"Bandika Kiswahili juu yake," Mkuu aliagiza. "Si umesomea lugha wewe? Imagination, mwalimu, imagination!"

Basi akakata vipande vya karatasi, akatunga maneno ya kuendana na picha, akabandika kwa gundi. Kile kilicholowa kilimsumbua. Kurasa nane ni weupe mtupu. Ukurasa wa tisa, nyumba: dirishani watoto wanne wanaota moto, na nje mtu mrefu mweupe amesimama, amewapa mgongo wasomaji. Chini palikuwa na mstari mmoja mfupi, umechapwa kwa wino mwekundu. Hata angeuliza maana yake, angemuuliza nani? Akaufunika. Akaandika: *Mgeni ana baridi. Karibu ndani, Mgeni.*

Na chekechea kusoma ni kwa namna moja tu. Mwalimu anasema, darasa linarudia, mara tatu, kwa kupasua koo.

"Karibu ndani, Mgeni!"

Mara ya tatu, mlango uliokuwa wazi ulijifunga taratibu, kama unafungwa na mtu mwenye adabu zake.

Kesho yake yule mtu wa kwenye picha alikuwa amegeuka ubavu. Keshokutwa hakuwepo.

"Mwalimu," mtoto wa safu ya mbele alinong'ona, "nani anatembea?"

Nyuma kabisa ulisikika mlio wa nyayo, kruch, kruch, kama mtu anayekanyaga chumvi ya mawe, na sakafu ile ilikuwa saruji tupu. Ilikuwa saa sita mchana, bati linatatarika kwa jua, lakini watoto walikuwa wanatoa mvuke midomoni kama birika, na harufu ya friji lililozimwa siku nyingi huku nyama imo ndani ikawa inasogea safu kwa safu, polepole, ikipita kila benchi kama inayosoma nyuso, mpaka ikafika nyuma ya Kidoti ikasimama, na Kidoti, bila kugeuka, akajivuta pembeni kidogo kwenye benchi, vile vile anavyofundishwa mtoto kumpisha mkubwa akae.

Nyumbani Kidoti hakula. Alishika kikombe, maji yakaganda ukingoni.

"Mama mdogo," alisema, kwa sauti iliyotoka mahali penye kina kuliko kifua cha mtoto, "nyumba yenu ndogo. Lakini ina joto."

"Yetu, mwanangu. Nyumba yetu."

"Yenu."

Mwalimu alikivuta kile kitabu kutoka kwenye mkoba. Ukurasa wa tisa. Dirishani watoto walikuwa watano. Wa tano alivaa sare ya kijani ya chekechea, na alikuwa amebandika viganja viwili kwenye kioo, mdomo wazi.

Mganga wa mtaa wa pili alikuwa mdogo kuliko yeye, amevaa jezi, anachaji simu tatu. Alimgusa Kidoti kwenye paji la uso, akauondoa mkono kama aliyeungua.

"Nani alimkaribisha huyu?"

"Mimi. Na darasa langu."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Dada, na hiyo digrii yako, unamkaribisha usiyemjua? Tena kwa vinywa vya watoto?"

"Nitukane baadaye. Mtoe!"

"Huyu hatolewi. Anahamishwa. Aliambiwa karibu, sasa ana haki ya kuwa na nyumba. Mwandikie nyumba nyingine, watoto waisome vile vile, na wako atarudi."

"Nyumba ya nani?"

"Hapo mimi simo," mganga alisema, akifungua mlango ili watoke. "Na yangu usiitaje."

Asubuhi mwalimu alikaa na kipande cha karatasi kitupu mbele yake. Mkuu akachungulia dirishani.

"We msichana! Hebu acha kubandikabandika, njoo uoshe vikombe vya wageni!"

Wala mkono haukusita. *Mgeni, nenda nyumbani kwa Mkuu.* Watoto walisoma mara tatu, wakicheka. Kidoti alitapika maji ya baridi, akalia, kisha akasema, kwa sauti yake mwenyewe: "Mama mdogo, nina njaa." Alikuwa wa moto kama mkate.

Mwalimu alicheka peke yake njia nzima kurudi nyumbani. Kwamba nyumbani kwa Mkuu kulikuwa na mjukuu wa miezi minne, alilijua hilo. Alikuwa amembeba yeye mwenyewe siku ya kwanza alipoletwa shuleni.

Siku ya tatu Mkuu aliingia darasani bila wigi. Kifuani alimkumbatia mjukuu ndani ya mablanketi matatu, na juu ya mablanketi ulifuka mvuke mweupe.

"Nimekisoma ulichobandika," alisema. Mwalimu alisubiri kofi. Halikuja. "Sikuja kugombana, mwanangu. Wako ulimponya. Niambie ulifanyaje."

Mwalimu alimwambia, kwa kunong'ona, ili watoto wasisikie.

"Kwa hiyo anataka nyumba tu."

"Nyumba yenye mtoto. Nyumba ya nani, Mkuu?"

Kwa mkono mmoja Mkuu alifungua daftari la mahudhurio mezani, akashusha kidole kwenye majina, polepole, mstari kwa mstari, kisha kikatua.

"Huyu," alisema. "Wazazi wake hawana wa kumlalamikia."

Mwalimu alilisoma jina, akainua macho akamtazama mwenye jina hilo, anachora jua, ulimi nje kwa bidii. Halafu alikwenda akamshika Kidoti mkono, akamhamisha kutoka benchi la mtoto yule, akarudi mezani, akaanza kukata karatasi.